Mwaka 2004 na Kompyuta ya Mjomba

Kompyuta niliyokwenda nayo chuo alininunulia mjomba Mwanza, ikiwa mtumba, na aliponikabidhi pale Kewanja alisema neno moja tu: "Mura, usiiangushe." Sikuiangusha. Ilianguka yenyewe kwa virusi, wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, Dar es Salaam, na kazi ya siku mbili ikaenda nayo. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya kugushi, imewekwa na fundi wa kibandani. Ya halali sikuwa na hela yake.

Jirani yangu hosteli akaja na fleshi. "Hii ni Xubuntu. Bure, na ni halali." Neno la pili ndilo lililonishangaza. Nimekulia jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mahali ambapo mtoto anajua mapema kipi kina mwenyewe na kipi kina uzio. Kitu cha bure ambacho si cha wizi nilikuwa sijakiona.

Maisha mapya hayakuwa mteremko. Wai-fai ilikataa, nikawa naunganisha simu kwa waya ili nipate intaneti. Masasisho yalikula bando, nikajifunza kuyapakua usiku wa manane kwa bando la usiku. Majedwali niliyoyapanga kwenye LibreOffice yalifika steshenari yamepinda, hadi nikazoea kugeuza kila kazi kuwa PDF kabla ya kwenda kuchapa. Lakini mashine ya mjomba, yenye RAM ya GB 2, ilikuwa inawaka na kufanya kazi.

Siku moja nikabadilisha lugha kuwa Kiswahili. Nusu ya menyu ikageuka, nusu ikabaki Kiingereza, kama nyumba ambayo fundi alipaka rangi akaondoka. Nikajiuliza: nani alianza kupaka?

Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ilishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux. Walikaa na maneno mojamoja wakitafuta Kiswahili chake, na Desemba mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Leseni ya programu huria inasema utumie, uichungulie ndani, uibadilishe, umgawie mwenzako. Ni haki ambayo Richard Stallman alianza kuipigania Marekani mwaka 1983, na ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliijengea moyo wa mfumo, yaani Linux, mwaka 1991.

Haki hiyo ilionekana thamani yake baadaye. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice. Waandishi wengi wa programu hawakuridhika na mlezi mpya, wakachukua msimbo uleule wakaanzisha LibreOffice. Shamba likauzwa, lakini mbegu zilikuwa zimeshagawiwa.

Mwaka huohuo wa 2004, ambao ndio niliozaliwa, mambo mengine mawili yalitokea. Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Ubuntu ya kwanza. Jina ambalo Mswahili halihitaji mkalimani, maana ni utu, na sisi tunasema mtu ni watu. Na Uingereza, mwanafunzi mwingine, Steve Coast, akaanzisha OpenStreetMap: ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha.

Hii ya tatu ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Nilipoifungua nikatafuta kwetu. Mashimo ya mgodi niliyaona. Mto Mara, unaotutenga na wilaya ya Serengeti, niliuona. Njia ya kwa mama haikuwapo.

Kwetu njia kukosekana kwenye ramani si jambo la fahari tu. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini msimu wa ukeketaji bado huja, mara nyingi Desemba, na wasichana bado hukimbia. Ukuryani hilo halisomwi kwenye gazeti. Unajua ni nani darasani hakurudi Januari. Mugumu, Rhobi Samwelly ameongoza nyumba salama zinazowapokea. Msichana akipiga simu usiku, swali la kwanza ni: uko wapi? Na gari likitoka, dereva anahitaji kujua kijiji kiko wapi na kinafikiwaje. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map ulianza kujaza pengo hilo: watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia wanafuatisha nyumba na njia kwenye picha za setilaiti, na wenyeji wanaongeza kwa simu kile ambacho setilaiti haikijui, yaani majina.

Ndipo nikaona uzi mmoja. Watafsiri wa Kilinux na wachora ramani wa Mara walifanya kazi ileile: kutia jina mahali palipoachwa wazi. Lakini nusu ile ya Kiingereza kwenye skrini yangu inaonya pia. Programu huria haina bosi wa kukufukuza, wala haina wa kumalizia kazi uliyoiacha. Mradi ukiisha na wafadhili wakiondoka, panabaki pengo mpaka atokee mtu.

Jioni moja niliketi na kompyuta ya mjomba nikaichora njia yetu, kutoka barabara kubwa hadi kwenye boma. Kila badiliko kwenye ramani ile huhifadhiwa pamoja na tarehe na jina la akaunti ya aliyelifanya, kwa hiyo nilitaka liwe sahihi. Nikampigia mama, nikamsomea kona mojamoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesahau mti," akasema. "Pale kwenye njia panda. Mtu akija usiku bila ule mti atapotea."

Nikaongeza mti.