Mwenda, Rochereau, Verckys: majina ya wanamuziki na sauti zake

Mji wa Pweto uko pale Mto Luvua unapoliacha ziwa na kushika njia ya kaskazini, na ziwa lenyewe lina tahajia mbili. Ramani za Kongo zinaandika Moero, za Zambia zinaandika Mweru. David Livingstone alipolifikia Novemba 1867 aliandika Moero, na tahajia ya namna hiyo ndiyo iliyobaki upande wa Wabelgiji, ilhali ng'ambo ya pili, chini ya Waingereza, ikashika ile nyingine. Maji ni yale yale na sauti ni moja. Anayekwama ni msomaji wa mbali, anayetamka mo-e-ro kwa silabi tatu kwa sababu herufi zimemwelekeza hivyo. Jambo hili limewapata pia wanamuziki wa Kongo, wale ambao vizazi viwili vya Waafrika Mashariki viliwajua kwa santuri kabla ya kuwaona kwa macho, na ambao bendi zao ziliitwa jazi hata zilipopiga rumba: African Jazz ya mwaka 1953, OK Jazz ya mwaka 1956, na kwa Watanzania Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Majina yao yameandikwa na makarani, mapadri, wachapaji wa lebo na maofisa wa serikali, kila mmoja kwa kanuni za lugha yake. Hoja yangu ni kwamba karatasi haiwezi kutuambia jina la mwanamuziki linatamkwaje. Ushahidi uko katika kinywa cha mwenyewe na vya watu waliomwita, na wanamuziki, kuliko karibu watu wengine wote wa enzi ile, wametuachia sauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mpiga gitaa mkubwa wa Katanga. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa Wayeke, na jina lake Mwenda lina uzito huko, kwani Msiri, mtawala aliyejenga dola ya Wayeke na kuuawa Desemba 1891 mbele ya msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, naye aliitwa Mwenda. (Jina la Msiri lenyewe limeandikwa M'Siri, Msidi na Mushidi, kila mwandishi na sikio lake.) Jina la ubatizo, Jean-Bosco, ni la padri Mwitaliano Giovanni Bosco, mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1929, mwaka mmoja tu kabla ya Mwenda kuzaliwa. Wasalesiani walikuwa wamefika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tangu 1911. Basi mtoto mmoja alibeba jina la Kiyeke na jina la Kiitaliano lililokwisha kuvishwa Kifaransa. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi, na wimbo wake "Masanga" ukapewa tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Toka hapo majina yakaanza kugawanyika. Mtaalamu David Rycroft, katika makala yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, alimwandika Mwenda Jean Bosco. Wengine wakageuza mpangilio, wakaandika Jean-Bosco Mwenda. Nairobi, alikopelekwa mwaka 1959 kutangaza dawa ya Aspro, watu walimwita Bosco tu. Miaka ya 1970 akawa Mwenda wa Bayeke.

Sasa msomaji aliyelelewa kwa Kiingereza anaikuta Jean kwenye ganda la santuri na kuitamka "jin", ambalo ni jina la mwanamke. Mwenye Kifaransa atasema kwa sauti ya "zh" na kuipitisha "an" puani. Kiswahili hakina "zh" wala irabu ya puani, na anayesema "Jan Bosko" hajamkosea mtu: amesikia sauti akaileta kwenye ulimi wake kwa njia iliyo karibu. Anayesema "jin" hakusikia chochote. Amesoma herufi za watu wengine kwa kanuni zisizo zao. Tofauti hiyo kati ya aliyesikia na aliyesoma ndiyo nguzo ya hoja hii, na inafaa kuishika kabla ya kwenda mbele, kwa sababu wengi wanaotetea matamshi "sahihi" huikosa, wakaishia kumcheka mtu wa Kigoma au Mombasa kwa kutamka Franco, jina la kiongozi wa OK Jazz, kama "Franko", jambo lisilo na kosa lolote.

Tahajia ya Kongo ina mantiki yake, na ukiijua mlango unafunguka. Wamisionari na makarani wa Kibelgiji waliandika sauti za Kibantu kwa thamani za herufi za Kifaransa. Sauti tunayoiandika "ch" wao waliiandika "tsh". Mahali tunapoweka "w" mara nyingi wao waliweka "u". Kwa hiyo Tshala Muana, mwimbaji aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1958 na kufariki mwaka 2022, ni Chala Mwana, silabi nne nyepesi ambazo mwenye Kiswahili anazitamka bila kujikaza. Hata mtindo uliompa umaarufu, mutuashi, umeandikwa kwa kanuni hiyo hiyo: usome mutwashi. Kiamuangana, jina la mpiga saksafoni Verckys, ni Kyamwangana. Luambo, jina la Franco, ni Lwambo. Kuna anayeweza kuuliza ushahidi wa haya uko wapi, isije ikawa mwandishi anabuni kanuni yake mwenyewe. Uko katika santuri. Mapema mwaka 1960 Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, na wenzake wa African Jazz walirekodi Brussels wimbo "Indépendance Cha Cha", ambamo wanataja viongozi waliokwenda kudai uhuru, na Tshombe wa Katanga yumo. Asikilize yeyote: ni Chombe. Magazeti ya dunia yaliandika jina hilo maelfu ya mara katika miaka iliyofuata, na wasomaji wengi wakahangaika na "t" ile ya mwanzo, wakati jibu lilikuwa linachezwa dansi kila Jumamosi.

Hapa pana pingamizi zito zaidi. Tukisema mwenye jina ndiye mwamuzi, tufanye nini na watu waliokuwa na majina matatu au manne, mengine yakiwa yamezaliwa kutokana na kusikia vibaya? Mwimbaji Pascal Tabu, inasimuliwa, akiwa shuleni alijibu swali kuhusu Denfert-Rochereau, ofisa Mfaransa aliyeulinda mji wa Belfort katika vita vya 1870 na 1871, na wenzake wakambandika Rochereau. Herufi nne za mwisho wa jina hilo zinabeba "ro" moja tu. Anayelitamka kwa kuhesabu kila irabu amepotea, na msikilizaji wa redio wa Mwanza aliyesema "Roshero" bila kuwahi kuliona limeandikwa alikuwa amefika. Kisa cha Verckys kinakwenda mbali zaidi. Georges Kiamuangana, mpiga saksafoni aliyeingia OK Jazz mwaka 1963, alimpenda Mmarekani King Curtis, naye mpiga saksafoni. Jina Curtis likasikika kombo, likawa Verckys. Mkosoaji atasema: kama kosa la sikio limezaa jina halali, basi hakuna matamshi mabaya duniani, kila mtu aseme atakavyo. Sikubaliani. Kosa lile lilihalalishwa na mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kulihalalisha, Kiamuangana mwenyewe, aliyelivaa jina hilo maisha yake yote na kulikubali mbele ya umma. King Curtis aliendelea kuwa Curtis. Kama mtangazaji leo angemwita King Curtis "King Verckys", angekuwa amekosea, kwa sababu Mmarekani yule hakuwahi kulipokea jina hilo.

Mwaka 1972 unaonekana kuivunja kanuni yangu, kwa sababu hapo serikali iliingia katikati ya mtu na jina lake. Rais Mobutu, baada ya kuigeuza nchi kuwa Zaire Oktoba 1971, aliwataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Tabu akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi, mpiga gitaa Dr Nico akawa Kasanda wa Mikalay. Je, hilo lilikuwa chaguo? Kuacha jina la ubatizo hakukuwa chaguo. Lakini kilichowekwa mahali pake mara nyingi kilitoka kwa mhusika, na hapo ndipo Mwenda alipojitambulisha kwa watu wake, Wayeke, akaandika "wa Bayeke". Wala umma haukuyasahau majina ya zamani, na wenyewe hawakuyakataa: Rochereau liliendelea kuambatana na Tabu Ley, na Franco hakuacha kuwa Franco katika kinywa cha shabiki yeyote. Kwa hiyo mimi naona njia ya haki ni kufuata wakati. Anayezungumzia rekodi ya Jadotville ya 1952 anamzungumzia Mwenda Jean Bosco. Anayezungumzia miaka yake ya mwisho, hadi ajali ya gari iliyomuua Zambia mwaka 1990, anamzungumzia Mwenda wa Bayeke. Majina yote mawili ni yake, na yote mawili yana sauti inayojulikana.

Ili isidhaniwe kwamba wakosaji ni wageni peke yao, tugeuze upande. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Louis Armstrong alifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, katika ziara iliyogharimiwa na serikali ya Marekani, akabebwa kitini juu ya mabega ya watu, akaitwa Okuka Lokole. Novemba alipiga Élisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyokuwa imejitenga tangu Julai 11 chini ya Tshombe. Mji ule ulisoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa Louis ni "Lwi", "s" ya mwisho haisikiki. Wamarekani wengi nao walimwita "Lui". Mwenyewe hakujiita hivyo. Katika rekodi ya "Hello, Dolly!", iliyotoka mwaka 1964, anajitaja, na "s" ya mwisho inasikika wazi kabisa. Jina lake la utani, Satchmo, linaingia katika kundi la Verckys: kwa masimulizi yake mwenyewe, lilitoka London mwaka 1932, pale mhariri wa gazeti la Melody Maker alipolikata bila kukusudia jina refu alilokuwa akiitwa nyumbani, naye akalipenda akalitumia hadi kufa. Hivyo Mkatanga anayesema "Lwi" na Mwingereza anayesema "jin" wamefanya kosa moja. Kila mmoja amesoma jina la mwenzake kwa shule yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Dizzy Gillespie, ambaye "g" yake ni ya gari wala si "j", na kwa Django Reinhardt, aliyezaliwa Liberchies huko Ubelgiji mwaka 1910: "d" ya mwanzo ni ya kuonyesha tu kwamba "j" isomwe kama yetu, na Jango yatosha.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa, muziki ndio mtu, jina ni ganda. Ningekubali kama ganda lisingekuwa na kazi. Muziki wa Katanga wa enzi ile haupo tena sana sokoni, upo katika hifadhi, na hifadhi hupangwa kwa majina. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini, inatunza rekodi nyingi za muziki huo. Mtu mmoja anayeweza kuorodheshwa chini ya B, chini ya J na chini ya M ni rahisi kugeuzwa watu watatu, na kila mmoja wa hao watatu akaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. Mzao wa msanii anayedai haki ya wimbo hukutana kwanza na tatizo hilo, kabla ya tatizo lolote la sheria. Bendi zilizohama kwa miguu yao zilinusurika zaidi: Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, mzaliwa wa Likasi, alipofika Dar es Salaam na kisha Nairobi miaka ya 1970, wasikilizaji wake walilipata jina kutoka jukwaani, kwa sikio, na wakalitamka vizuri. Waliobaki nyumbani na kusafiri kwa santuri peke yake, kama wapiga gitaa Edouard Masengo katika miaka yake ya Katanga au Losta Abelo, walitegemea karatasi ya duara katikati ya santuri, yenye nafasi ya maneno machache na mchapaji asiyejua lugha.

Kazi inayobaki haihitaji fedha nyingi. Wazee waliocheza dansi na kuwaita wapiga gitaa hao kwa majina bado wapo Likasi, Bunkeya, Lubumbashi na kando ya ziwa huku Pweto, lakini kila mwaka wanapungua. Katika orodha ya rekodi, kando ya kila jina lililoandikwa, panaweza kuwekwa sauti ya mmoja wao akilitaja, sekunde tatu au nne, pamoja na mahali na mwaka aliporekodiwa.