Kwa nini R yako inatambaa?

Tuseme uko Kigoma na laptopu ya zamani, una vipimo milioni moja vya joto la maji ya Ziwa Tanganyika, na umeme unaweza kukatika saa yoyote. Unafungua R.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman walitengeneza programu ndogo ya kutafsiri amri. Mtindo wake waliuchukua kwa Scheme, mtoto wa Lisp (1958), ila waliiandika kwa C. Ndiyo ikawa R.

Sasa angalia gharama. Kama Lisp, R haidai useme mapema kitu ni namba au neno, kwa hiyo inakagua wakati kazi inaendelea. Ukijumlisha kipimo kimoja kimoja kwa `for`, unalipia ukaguzi mara milioni. Ukiandika `sum(joto)`, C inabeba mzigo wote kwa mkupuo. Toleo la 3.4.0 (2017) lilipunguza pengo hilo, halikulimaliza.

Wapo wanaosema andika yote kwa C. Nadhani hao hawajahesabu siku za kusaka kosa moja la kumbukumbu.