Vigingi kwenye jaruba lako la mpunga: Katiba inakulinda wapi, na inakudai nini?

Tuseme umeamka asubuhi pale Ndandalo, umeenda kuangalia mpunga wako, unakuta vigingi vimechomekwa katikati ya jaruba. Unauliza, unaambiwa kuna mradi unapita hapo. Tena ardhi yote ni ya serikali, kwa hiyo huna cha kudai. Hati huna. Shamba ulirithi kwa baba, naye alirithi kwa babu.

Wengi tukifika hapo tunaishia kulalamika kijiweni. Lakini jibu lipo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na Mahakama ya Rufani ilishalitolea uamuzi tangu miaka ya 1990.

Haki hizi hazikuwepo mwanzo

Katiba ya 1977 ilipopitishwa haikuwa na orodha ya haki ambazo mtu angeweza kuzidai mahakamani. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na Serikali ikajipa muda wa kurekebisha sheria zake. Kwa hiyo kesi za aina hii zilianza kupokelewa mwaka 1988. Leo zipo Ibara ya 12 hadi 24, na wajibu unafuata kuanzia Ibara ya 25.

Inayohusu shamba lako ni Ibara ya 24. Inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inasema ni marufuku kumnyang'anya mtu mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Sasa swali: shamba la kurithi, lisilo na hati, ni "mali"?

Kesi ya baba na mwana

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa mkoani Arusha, walishinda kesi na kurudishiwa shamba lao la kimila mwaka 1987. Wapinzani wao wakakata rufaa. Kabla mambo hayajaisha, mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na kuzuia watu kwenda mahakamani kuzidai. Yaani umeshinda kesi, halafu inakuja sheria inayosema ushindi wako si kitu.

Walienda Mahakama Kuu kwa kutumia Katiba, wakashinda. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Na fidia haiishii kwenye nyumba au miti uliyopanda tu. Hata kama hakuna kilichojengwa, jasho uliloweka kwenye ardhi nalo linahesabika.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaweka wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya kawaida. Kwa hiyo ni kweli ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, lakini hilo halimaanishi kwamba wewe ni mpangaji wa bure.

Dada zetu nao wasiachwe hapa. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza kwenye kesi ya Holaria Pastory iliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, wakati mwanaume anaruhusiwa, ni ubaguzi. Ukiambiwa "mwanamke hauzi shamba la ukoo alilorithi", hiyo ni hoja ambayo mahakama ilishaikataa.

"Kila mtu" na "raia" si kitu kimoja

Wilaya yetu inapakana na Malawi, ndugu wapo pande zote mbili za Mto Songwe. Katiba inatumia maneno mawili kwa makusudi. Haki ya kuishi, ya kusikilizwa na kutoteswa ni za *kila mtu*, hata mgeni aliyevuka Kasumulu jana. Kupiga kura ukifikisha miaka 18 na kushiriki kuendesha nchi ni za *raia*.

Inakudai nini?

Hapa ndipo wengi hatusomi. Ibara ya 26 inakutaka utii Katiba na sheria. Ibara ya 27 inakutaka ulinde maliasili na mali ya umma, kwa hiyo anayevua Ziwa Nyasa kwa nyavu haramu, au anayeng'oa vyuma vya daraja, anavunja wajibu wa kikatiba.

Na msaragambo je? Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, ila imetenga kazi za kawaida za ustawi wa jamii. Kusafisha mtaro wa kijiji si utumwa, hata kama jua ni kali.

Haki nazo zina mipaka. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuzibana kwa faida ya umma. Maana yake mradi unaweza kweli kupita shambani kwako. Usichopaswa kukubali ni upite bila utaratibu na bila fidia.

Ufanye nini?

Using'oe vigingi, utajitafutia kesi nyingine. Piga picha shamba na mazao. Siku ya tathmini uwepo mwenyewe, hesabu ya kakao na michikichi ifanyike mbele yako, na usisaini karatasi usiyoielewa. Omba nakala.

Kama upo kijijini, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Ukishindwa kwenda, usishangae mambo yakipitishwa bila wewe.

Mgogoro wa ardhi na jirani huanzia kwenye baraza la usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Malalamiko dhidi ya ofisi ya umma unaweza kuyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Haki ya kikatiba yenyewe inadaiwa Mahakama Kuu, na kwetu iliyo karibu ipo Mbeya mjini. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua kesi hiyo aoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo zile picha na nakala usizifute kwenye simu.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bure. Anza kwa kuulizia ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii wilayani.