Deki ya DVD na amplifaya: tuanze na ipi?

Wengi wetu huku Kalundu tunaonyesha filamu za Biblia jioni, kwa deki ya DVD na amplifaya ya sinema yenye spika sita. Mara nyingi sadaka hununua deki yoyote iliyopo sokoni. Kisha watu wanasikia upepo wa Galilaya na kelele za umati, lakini maneno ya Bwana hayasikiki. Diski haina kosa. Katika sauti ya njia sita, inayoandikwa 5.1, mazungumzo hupelekwa hasa kwenye spika ya katikati. Spika hiyo isipolishwa, maneno yanapotea.

Basi tusianze na deki. Tugeuze amplifaya, tutazame mgongo wake.

Ikiwa ina matundu mawili tu ya kuingiza sauti, jekundu na jeupe, karibu deki yoyote itafaa. Menyu ya sauti ya deki iwekwe kwenye Stereo au Downmix, ndipo mazungumzo yagawiwe spika zote mbili. Ikiwa ina matundu sita, lakini haina maandishi ya Dolby Digital wala DTS, haiwezi kufumbua sauti ya kidijitali yenyewe. Hiyo inataka deki yenye matundu sita vilevile, na deki nyingi za bei nafuu hazina.

Yenye Dolby Digital ni rahisi zaidi: waya mmoja wa koaksia, wa optiki au wa HDMI unatosha, mradi tundu la aina hiyo liwepo pande zote mbili. Menyu iwekwe kwenye Bitstream au Raw. Kwa koaksia na optiki, PCM hupitisha njia mbili tu. Sisi tunapenda koaksia, kwa kuwa waya wa kawaida wa sauti unaweza kuazimwa mahali pake, lakini wa optiki ukikunjwa sana umekwisha. Na tujihadhari na HDMI ya amplifaya za zamani: baadhi hupitisha picha kwenda televisheni bila kuchukua sauti.

Halafu kuna namba ya eneo. Kongo, Burundi na Tanzania ziko eneo la 5, Ulaya magharibi la 2, Marekani la 1. Diski iliyotumwa na ndugu walioko Marekani inaweza kukataliwa na deki ya huku, kwa hiyo tutafute inayosoma maeneo yote. Pia tusome kibandiko cha umeme: volti 100 hadi 240 huvumilia kupanda na kushuka kwa umeme wetu kuliko 220 peke yake.

Kabla ya kulipa, tubebe amplifaya, spika ya katikati na diski ya Kiswahili tuliyoizoea mpaka dukani, tusikilize mahali ambapo mtu anasema. Muuzaji akikataa kuwasha, twende duka la pili.