Nyungunyungu wa Mafunjo na Wasomi wa Makerere

Kilima cha Makerere kimo katika tarafa ya Kawempe, jijini Kampala. Maji ya mvua yakiteremka kutoka huko hupita Bwaise, ambako mafuriko yamewatesa watu kwa miaka mingi, na kuishia kwenye mafunjo ya Lubigi. Ni katika tope la vinamasi vya namna hiyo ambamo wasomi wa kilimani walikuta mojawapo ya habari nzuri kabisa za elimu ya wanyama Afrika Mashariki.

Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Muda mfupi baadaye Leonard Beadle, aliyewahi kufika na msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa yetu mwaka 1930 na 1931, alikuja kuongoza idara ya zuolojia. Kilichomshughulisha ni hiki: tope la mafunjo halina oksijeni, na limejaa kabonidioksidi, basi anayeishi humo anapumuaje?

Alimchunguza nyungunyungu aitwaye Alma emini. Mnyoo huyu hubaki ndani ya tope na kuutoa mkia peke yake juu. Mkia hupanuka ukawa bapa, kisha kingo zake hujikunja na kufanya mfereji wenye ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu. Hilo ndilo pafu lake. Damu yake nayo hushika oksijeni kwa nguvu, hata kabonidioksidi ikiwa nyingi. Beadle alichapisha matokeo hayo mwaka 1957.

David Wasawo, Mkenya aliyesoma Makerere na Oxford kisha akarudi kilimani kufundisha, alilipeleka jambo mbele. Mwaka 1959 yeye na mwenzake Visser walieleza jinsi minyoo hiyo inavyohusika na vichuguu vya nyasi katika vinamasi vya Teso. Mnyoo mmoja, na ndani yake mna fiziolojia, tabia na ikolojia kwa pamoja!

Mwaka 1961 kituo cha utafiti wa wanyama kikafunguliwa Mweya, ndani ya hifadhi ya taifa, na viboko na tembo wakachukua sifa zote. Walistahili, ila inaniuma kwamba nyungunyungu alisahaulika. Leo barabara ya mzunguko ya kaskazini imekatiza Lubigi, udongo wa kujazia unazidi kumwagwa, na mwanafunzi wa Makerere anayetaka kumwona Alma katika mafunjo ya jirani aende sasa, kabla hayajajengwa yote.