Kutoka Kasri Hadi Gereza

Adam Shafi ameyaandika Mapinduzi ya Zanzibar zaidi ya mara moja, lakini vitabu viwili ndivyo vinavyonisumbua. Mwaka 1978 alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya kabaila na watumishi wake, yenye harufu ya karafuu na ya jasho la waliozichuma. Mwaka 2003 akatoa Haini, riwaya ya watu waliozolewa na kutiwa ndani baada ya kiongozi wa nchi kuuawa. Ya kwanza inaeleza kwa nini watu waliinuka. Ya pili inaeleza yaliyowapata watu pale dola iliyozaliwa na mapinduzi ilipoanza kuogopa vivuli. Anayesoma moja tu amesikia nusu ya habari, na kwa bahati mbaya wengi wetu tumerithishwa nusu: huyu ameishika ya kwanza, yule ameishika ya pili, wakikutana barazani kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Safari hii nimezisoma pamoja na riwaya mbili za Ethiopia. Moja ni Fikir Eske Mekabir ya Haddis Alemayehu, yaani Mapenzi Hadi Kaburini, iliyoandikwa kwa Kiamhari kabla kiti cha enzi hakijaanguka. Nyingine ni Beneath the Lion's Gaze ya Maaza Mengiste, iliyotoka 2010 kwa Kiingereza, kwa kalamu ya mtu aliyeondoka Ethiopia akiwa mtoto mdogo. Hivyo kila nchi ina kitabu cha sababu na kitabu cha matokeo. Nilichokiona katika vyote vinne ni kwamba mapinduzi huanza kuwa ya umma kwa sababu zake, kisha yakawa ya mtu mwenye funguo za ghala la silaha kwa matokeo yake.

Tuanze shambani. Katika Unguja na Pemba, mikarafuu ilienea karne ya 19 chini ya masultani wa ukoo wa Busaidi, kwa mikono ya watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, watu walipewa uhuru bila ardhi. Wengi wakabaki palepale chini ya miti. Walipanda muhogo wao baina ya mikarafuu, na kwa fadhila ya kukaa wakampalilia mwenye shamba. Mpango huo ulidumu kwa kuzoeana. Vyama vya siasa vilipoingia katika miaka ya 1950, mazoea yakakatika: mkulima aliyeonekana kuwa wa chama cha Afro-Shirazi aliweza kufukuzwa na mwenye shamba aliyekuwa wa chama cha Hizbu, na wenzake wakajibu kwa kuyagomea maduka ya Waarabu. Ugomvi wa ardhi ukavaa nguo ya kabila, na tangu siku hiyo haikuwa rahisi kuivua.

Adam Shafi alikiona kitu ambacho hesabu za kura haziwezi kukionyesha. Kijakazi, mtumishi wa Fuad aliyezeeka kazini, anamtumikia bwana anayemdhalilisha kwa utiifu usiokatika hata dunia inapogeuka. Wahakiki wengine wamemwona kuwa kasoro, mtu asiye na mwamko. Mimi namwona kuwa ndiye mhusika mkubwa kuliko wote katika kitabu. Anatuambia kwamba ukabaila haukukaa kwenye hati ya shamba peke yake, ulikaa pia ndani ya kifua cha aliyenyonywa. Mapinduzi yanaweza kuichukua hati usiku mmoja. Kifua kinachukua zaidi.

Haddis Alemayehu alianzia upande mwingine kabisa. Hakuwa mtu wa pembeni: alipigana na Waitalia walipoivamia nchi yake, wakamfunga Italia, na baadaye akamtumikia Mfalme Haile Selassie kama balozi na waziri. Mtu wa nyumbani kwa mfalme ndiye aliyeandika riwaya ambayo wakulima wa Gojjam wanachoshwa na Fitawrari Meshesha, kabaila anayedai juu ya kile ambacho tayari wanampa, wakamkatalia na kumkamata. Katika fasihi yetu sauti hiyo ilikuja baada ya tukio, kulieleza na kulihalalisha. Kule ilitangulia, ikawa onyo. Wakubwa walilisoma, wakalisifu kwa uzuri wa lugha, na ardhi ikabaki ilivyokuwa.

Na ilikuwa hali mbaya. Mfalme Menelik wa Pili alipoyateka maeneo ya kusini mwishoni mwa karne ya 19, ardhi za wenyeji ziligawiwa maofisa na askari wake. Watu hao waliitwa neftenya, jina lililotokana na bunduki. Mpangaji wa kusini aliweza kutoa hadi nusu ya mavuno yake kwa mwenye ardhi, na mara nyingi mwenye ardhi huyo alisema lugha nyingine. Hapa ndipo tofauti tunayoipenda inapopungua nguvu. Tumezoea kusema kwamba Zanzibar ilimwondoa mtawala wa ukoo wa kutoka Omani aliyekuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Ethiopia ikamwondoa mwana wa nchi ambaye Katiba ya 1955 ilimtaja kuwa wa nasaba ya Suleiman na Malkia wa Sheba. Ni kweli kwa kasri. Kwa mkulima wa Oromo aliyekuwa akigawana gunia na mjukuu wa askari, bwana alikuwa mgeni vilevile.

Kilichotofautiana sana ni mlango ambao hasira ilipitia. Zanzibar mlango ulikuwa sanduku la kura, ukafungwa usoni mwa watu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kama asilimia 54 ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Uhuru ukatolewa Desemba 10, 1963, kwa serikali ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte na Sultani Jamshid. Umri wake ulikuwa siku 33. Katika siku hizo serikali hiyo ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, na ikawaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara, watu walioyajua maghala ya silaha kama viganja vyao. Sijui serikali iliyojichimbia shimo kwa haraka kama ile. Alfajiri ya Januari 12, 1964, kambi za polisi za Ziwani na Mtoni zikaanguka, na sauti ya John Okello, fundi mawe kutoka Uganda, ikasikika redioni ikitoa amri.

Ethiopia haikuwa na chama chochote halali cha siasa, kwa hiyo hapakuwa na kura ya vyama ya kuibiwa. Wanafunzi walikuwa wameandamana tangu 1965 wakidai ardhi iwe ya anayeilima. Kisha njaa ikaingia Wollo na Tigray mwaka 1973, ikaua watu kwa makumi ya maelfu, na serikali ikaificha ili nchi isiaibike. Januari 1974 askari wa Negele waligoma kwa chakula kibovu na ukosefu wa maji, Februari madereva wa teksi na walimu wakafuata. Usiku wa Septemba 11, televisheni ya taifa ilionyesha filamu ya njaa ya Wollo, iliyopigwa na mwandishi wa habari Mwingereza, Jonathan Dimbleby. Kati ya picha za watoto waliobaki mifupa zilipachikwa picha za karamu za mfalme. Asubuhi yake maofisa wakaenda kasri, wakamsomea tangazo la kumwondoa, wakamtoa kwa gari dogo la Volkswagen. Mzee wa miaka 82, aliyetawala tangu 1930, hakuwa na mtu wa kumpigania. Njaa ile ilikuwa imemvua taji kabla ya askari kufika.

Baada ya hapo hadithi mbili zinaanza kufanana hadi kutisha. Zanzibar maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa katika siku na wiki za mwanzo, na wengine wakakimbia kwa majahazi. Wapo wanaotaka jambo hili lisitajwe kwa kuwa sababu za mapinduzi zilikuwa za haki. Sababu zilikuwa za haki, na waliouawa waliuawa. Okello mwenyewe alizuiwa kurudi visiwani Machi 1964. Ethiopia, Jenerali Aman Andom, mwenyekiti wa kwanza wa Derg, kamati ya wanajeshi walioshika nchi, aliuawa Novemba 1974, na usiku huohuo maofisa na mawaziri wapatao 60 wa utawala wa zamani wakapigwa risasi bila kesi.

Ardhi iligawiwa kweli, na asiyelisema hili hamtendei haki mkulima. Unguja na Pemba familia zilipewa eka tatu tatu. Ethiopia, tangazo la Machi 4, 1975 liliifanya ardhi yote ya mashambani kuwa mali ya umma, likafuta upangaji, likaweka ukomo wa hekta 10 kwa familia. Aliyekuwa akipiga magoti kuomba kukaa aliacha kupiga magoti, na hilo peke yake ni kubwa. Ila bei ilibaki kwa wakubwa. Karafuu ziliuzwa kwa serikali, kwa bei ya serikali, sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Nafaka ya Ethiopia nayo ikauzwa kwa shirika la serikali kwa bei iliyopangwa. Mkulima alipata shamba, akakosa neno juu ya mavuno yake, na njaa ya 1984 ikamkuta Mwethiopia bila mfalme wa kulaumiwa.

Hapo ndipo vitabu vya matokeo vinapoingia. Mengiste anafungua kwa daktari, Hailu, akimtibu kijana mwenye risasi mwilini. Mfalme bado yupo. Baadaye, chini ya Derg, analetewa msichana aliyeteswa ili amponye apate kuteswa tena, na uamuzi wake juu ya msichana huyo unampeleka yeye mwenyewe gerezani. Mwanawe Dawit anaokota maiti barabarani usiku ili ndugu wapate kuzika. Haini haitoki nje kiasi hicho. Inabaki ndani ya kuta, kwenye mahojiano na kusubiri. Ni chaguo sahihi. Baada ya Rais Abeid Karume wa Zanzibar kuuawa Kisiwandui Aprili 7, 1972, kesi ya uhaini iliyofuata haikuwa na mawakili wa kuwatetea washtakiwa wala uwanja wa watu kuuliza kitu. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar yenyewe tangu 1964 ulikuja 1980. Woga wa miaka ile ulikaa vyumbani, na riwaya ya vyumbani ndiyo inayoufaa.

Wafalme wote wawili wana makaburi. Haile Selassie alifia kizuizini Agosti 1975, mifupa yake ikafukuliwa kasri mwaka 1992, na Novemba 2000 ikazikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa. Jamshid aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Omani 2020, akafariki Muscat Desemba 2024. Abdulla Kassim Hanga, makamu wa rais katika serikali ya kwanza ya mapinduzi, na Othman Shariff, waziri wa serikali hiyohiyo, waliuawa 1969 na serikali waliyoiunda kwa mikono yao. Makaburi yao hayajulikani.

Mwalimu unayefundisha Kasri ya Mwinyi Fuad, iweke Haini pembeni yake juu ya meza, muhula huohuo, kwa wanafunzi walewale.