Dawa za Nguvu katika Usukuma

Katoro, katika Mkoa wa Geita, ni mji uliokuzwa na dhahabu na biashara. Mchimbaji mdogo ashukaye shimoni huhitaji nguvu za mwili na utulivu wa moyo, na haja hiyo ina historia ndefu. Nchi hii ilikuwa ya Wazinza. Wasukuma walihamia kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakitafuta ardhi ya kulima na kulisha ng'ombe, na waganga wao wakaja na dawa zao.

Iliyo mashuhuri kati ya dawa hizo ni nengonengo, mti mdogo wenye maua ya zambarau. Mzizi wake ukikwanguliwa hutoa harufu kali kama ya dawa za dukani za kuchulia misuli, wala si ajabu, kwani kemikali iitoayo harufu hiyo ni ile ile. Umetumika kutuliza maumivu ya kichwa na ya viungo, na kurudisha nguvu za kiume. Lakini mzizi huo una sumu, na azidishaye kipimo huweza kufa. Kwa hiyo elimu ya mfumu, yaani mganga, ilikuwa kwanza elimu ya kipimo.

Hata hivyo, Msukuma hakuitenga dawa na ngoma. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na ngoma, na wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu. Vijana walilima pamoja kwa mdundo wa bugobogobo, na baada ya mavuno pande hizo mbili zilishindana uwanjani, kila upande ukiwa na samba, dawa ya kuvuta watazamaji. Kwa maoni yangu, uchovu na wasiwasi vilitibiwa zaidi na jembe lililoinuliwa kwa pamoja kuliko na mzizi wowote.

Ukoloni ulileta mashaka. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilimfanya hata mganga wa miti atazamwe kwa jicho baya, na huko Shinyanga misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baada ya Uhuru, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na miti ya dawa ikachipua tena humo. Lakini kitakiwacho katika nengonengo ni mzizi, na mchimbaji wa dawa asiyebakiza mizizi huuacha mti ukikauka.